Msichana Aliyeuacha Uzito Wake kwa Dobi

Maneno yaliletwa na dereva wa Kituo, na dereva yule mdomo wake haukuwa na mlango. Jumatatu asubuhi alishusha mafurushi ya nguo chafu kwenye geti la dobi, akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akasema kwamba jana msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu ametoka kupitia dirisha la ghorofa ya sita. Si kuanguka. Kutoka. Ameshuka polepole, miguu mbele, kama shuka lililoponyoka kambani siku isiyo na upepo, akatua kwenye maua, akatoweka.

"Na hakuvunjika?" Mama Pasi akauliza.

"Hata ukucha."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Mama, mimi ninayoyaona ni ya barabarani. Haya nimeyasikia kwa mlinzi, na mlinzi kayasikia kwa mpishi."

"Na mpishi kayasikia kwa sufuria," wifi yake akadakia kutoka kwenye beseni, na wote wakacheka.

Mama Pasi alicheka nao, lakini kicheko hakikufika tumboni. Kutwa nzima lile neno lilimng'ang'ania kama uzi mweupe kwenye sketi nyeusi. Akilitoa huku linashika kule. Alikuwa na sababu. Binti yake mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa kike mmoja tu, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutambaa na hajapumzika tangu hapo. Alipokuwa mdogo miguu yake ilikuwa dhaifu, imepinda kama vipini vya kikapu, na Mama Pasi alipanda mlima mpaka Kituo, lile jengo jeupe lililosemekana kutibu mifupa ya watoto bure. Akajaza fomu. Akaambiwa nafasi zimejaa, zilikuwa saba tu. Alirudi nyumbani analia. Miguu ya Chiriku ilinyooka yenyewe kwa maziwa na jua, lakini Mama Pasi hakuacha kuwaza juu ya wale saba waliopata.

Isitoshe alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Akisikia king'ora mtaa wa tatu, alisimamisha pasi na kuhesabu watoto wake, na mtoto alikuwa mmoja.

Alhamisi dereva alirudi na mzigo mwingine. Furushi la mwisho alilibeba kwa vidole viwili, akilizungusha hewani kama mtoto na mfuko wa karatasi.

"Hili leo wamejaza upepo," akasema, akaliweka, akaondoka zake akipiga mluzi.

Chumba cha kuchambulia nguo kilikuwa nyuma ya mashine kubwa. Kazi ilikuwa ile ile kila siku: nyeupe huku, zenye damu kule, mablanketi peke yake. Mama Pasi akafungua fundo la lile furushi jepesi, akafunua shuka la kwanza, la pili, na chini ya la tatu yakamtazama macho mawili.

"Shikamoo," furushi likasema.

"Marahaba," akajibu Mama Pasi, maana adabu humtoka mtu kinywani kabla ya akili, kisha akajikuta amekaa juu ya mablanketi.

Wifi alikuja mbio na kipande cha sabuni mkononi, tayari kurusha. Hakukirusha. Aliyetoka mle ndani alikuwa msichana mwembamba, kichwa kimenyolewa, amevaa gauni la wagonjwa lenye namba saba kifuani, pindo limechanika. Kwenye viwiko vyake alama za sindano zilikuwa zimepangana kama matundu ya cherehani.

Alieleza kwa sauti ndogo. Siku nne alikuwa amejificha kwenye chumba cha nguo chafu cha Kituo chenyewe. Walimtafuta mtoni, wakamtafuta kwenye mapaa, wakaweka watu darajani. Kwenye nguo chafu hakuna aliyetia mkono.

"Una akili wewe," wifi akasema, kisha akamgeukia mwenzake. "Mtoe."

"Wifi!"

"Wifi nini? Huyu si mtoto, huyu ni kesi. Wewe unaogopa hata paka akikohoa, leo unataka kufuga radi ndani?"

Ukweli ni kwamba Mama Pasi alitaka kumtoa. Alikuwa na neno tayari kwenye ulimi. Lakini yule mtoto alikuwa ameshainama, anazikunja zile shuka chafu alizotoka ndani yake, ncha kwa ncha, ili asiache chumba cha watu kimevurugika. Anakimbia jeshi zima la watu na bado anakunja shuka. Neno likarudi kooni.

"Atakula kwanza," akasema Mama Pasi.

"Nilijua," akasema wifi. "Tangu aliposema shikamoo, nilijua tumekwisha."

Chiriku alirudi kutoka shule saa nane na nusu na hakupitisha hata dakika.

"Mama, ndiye huyu? Yule wa dirishani?"

"Yule nani? Hakuna yule. Huyu ni mtoto wa mteja."

"Mteja gani kaleta mtoto afuliwe?"

Ikabidi aambiwe. Mama Pasi akamwapisha kwa kila kitu anachokipenda, na Chiriku akaapa, na ajabu ya dunia, mdomo ule uliomshinda mwalimu ukafungika kama mfuniko wa chupa. Alichofanya ni kumpa mgeni jina. Akamwita Unyoya.

Jioni ile ile wakajua kwa nini jina lilimfaa. Mablanketi yalikuwa yametoka kwenye maji, na blanketi la sufu likilowa linahitaji wanawake wawili na matusi matatu kulifikisha kwenye kamba za juu ya paa. Unyoya alisogea, akaweka kiganja cha kulia juu ya rundo, na cha kushoto akakishikiza kwenye sakafu ya saruji. Saruji ikalia kidogo, kama kiti anapokikalia mtu mnene. Kisha akawaambia, "Bebeni sasa."

Mama Pasi akainua mablanketi kumi na mawili yanayotiririka maji kwa mkono mmoja. Alidhani atapiga kelele. Badala yake alijikuta anacheka kama msichana, anapanda ngazi mbili mbili, maji yanamchuruzika shingoni.

"Uzito haupotei, mama," Unyoya akaeleza wakiwa wanaanika. "Unahama tu. Mkono wa kulia unachukua, wa kushoto unatua. Unakaa pale nilipouweka muda wa sufuria la chai kuchemka, halafu unarudi kwao."

"Na wewe huumii?"

"Kidogo. Mifupani. Shangazi, shika ncha hiyo isiburuze."

Wifi, aliyekuwa hajaambiwa na mtu kwamba amekuwa shangazi, alishika ncha bila kubisha.

Pole pole, siku hadi siku, habari yote ikatoka. Alipelekwa Kituo na miaka minane kwa ajili ya mifupa. Sindano zilimpa nguvu isiyo na jina, yeye na wenzake sita, na bibi yake aliyemlea akaambiwa mtoto amekufa kwa homa. Kwanza walimwinulisha mawe, baadaye vyuma, baadaye magari. Akishindwa, sahani ya chakula inapungua. Yote hayo aliyavumilia. Ila Jumapili ile walimletea mtoto mwenzake, wa kitanda cha jirani, wakamlaza sakafuni, wakamwambia amwekee uzito kifuani, kidogo kidogo, wapime atafika wapi.

"Ukafanyaje?" Chiriku akauliza.

"Nikafungua dirisha."

Wifi alipenga kamasi kwa nguvu kwenye kona ya aproni, akasema mvuke wa pasi umezidi humu ndani. Pasi zote zilikuwa zimezimwa.

Tangu hapo Mama Pasi alimtazama yule mtoto kama watu wanavyotazama mlima. Mtoto wa watu, kanyimwa chakula, kachomwa sindano, kaambiwa umiza mwenzako ushibe, akachagua kuruka ghorofa ya sita bila hata kujua kama atatua. Wako watu wazima wenye vyeo vyao ambao wangekubali na kutia saini. Lakini sifa hizo alizitunza moyoni, maana nyumbani kulikuwa na chiriku. Jumapili alimkuta bintiye juu ya meza ya kupigia pasi, taulo shingoni, amekunja magoti tayari kuruka.

"Shuka hapo! Ukivunjika mguu, nitauvunja wa pili mimi mwenyewe!"

"Mama, najaribu tu kama..."

"Kama nini? Wewe ni mzito. Wewe ni mzito kama babu yako. Mshukuru Mungu, ushuke."

Mpango ulikuwa mwepesi. Bibi yake Unyoya aliishi ng'ambo ya mto. Darajani kulikuwa na walinzi wa Kituo. Wangengoja wiki, watu wachoke kulinda, kisha wifi amvushe kwenye mkokoteni wa nguo. Kila mmoja alikubali. Na kama si mkono wa kazi wa Mama Pasi, pengine mambo yangekwenda hivyo.

Mtu akifanya kazi ya dobi miaka kumi na tisa, mikono yake inakuwa na akili yake yenyewe. Mama Pasi hakuwahi kupoteza hata soksi. Nguo iliyoingia chafu ilitoka safi, iliyoingia imechanika ilitoka imeshonwa, na ya mtu ilirudi kwa mwenyewe. Hilo ndilo jina lake mtaani na ndiyo heshima yake. Sasa, siku ile ya Alhamisi alimvua mgeni gauni akampa nguo za Chiriku. Gauni likaangukia kwenye rundo. Mikono ikaliona ni nyeupe, ikalitia kwenye nyeupe. Jumamosi mikono ikaliona pindo limechanika, ikalishona, mshono mdogo mdogo mzuri usioonekana. Jumapili ikalinyoosha. Jumatatu dereva alipokuja, likawa katikati ya magauni mengine thelathini, limekunjwa, linanukia sabuni, namba saba juu.

Saa sita mchana wifi alikuwa anasafisha beseni. Akauliza tu, kama mtu anavyouliza saa: "Lile gauni lake ulilichoma wapi?"

Mama Pasi aligeuka. Akatazama rafu tupu.

"Wifi," akasema wifi taratibu. "Niambie ulilichoma."

"Nimelishona."

"Umelishona."

"Na pindo."

Wifi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Watu wengine wanasalitiwa na marafiki," akasema. "Sisi tumesalitiwa na usafi."

Usingizi haukumjia Mama Pasi. Alipanga wamvushe msichana alfajiri, mara mkokoteni ukakutwa una tairi bovu, mara watu wa Kituo wakaonekana kwenye kona ya barabara wakijifanya wananunua magazeti. Ilipofika saa nne asubuhi ya Jumanne, geti likagongwa mara tatu, kwa upole.

Aliyeingia alikuwa mkuu wa ulinzi wa Kituo, mtu mwembamba mwenye miwani ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Samahani, kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo baya bila kuliombea radhi kwanza. Shati lake jeupe lilikuwa na ukosi uliosimama wima, na Mama Pasi aliujua ukosi ule. Ni yeye aliyeunyoosha. Nyuma yake magari mawili yalikuwa yameziba geti, na walinzi wanne walikwisha kuanza kupanda ngazi za paa.

"Samahani, mama," akasema, akakunjua gauni namba saba. "Nimekuja kukupongeza. Pindo hili, hata mwenye kiwanda hakushona hivi. Tatizo ni kwamba aliyelivaa aliondoka nalo."

Juu ya paa sauti ya mlinzi ikaita: "Mkuu! Wako wawili!"

Ilikuwa kweli. Kwenye ukingo wa paa, ghorofa mbili kwenda juu, walisimamishwa wasichana wawili kimo kimoja, aproni moja, mikono mirefu iliyofika viganjani, vilemba vya rangi moja. Chiriku siku hiyo hakwenda shule kwa kisingizio cha tumbo. Bwana Samahani alitoa miwani, akaifuta, akairudisha. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto wa miaka minane.

"Mimi ndiye!" Chiriku akapiga kelele kutoka juu. "Mimi ndiye niliyeruka dirishani! Mnataka niruke tena?"

"Mwongo huyo!" Unyoya akajibu. "Ni mimi!"

"Nyamaza wewe, mtoto wa dobi!"

"Mtoto wa dobi ni wewe!"

"Samahani, mama," Bwana Samahani akasema bila kupandisha sauti. "Yupi wako?"

Kidole kimoja tu kilitakiwa. Mama Pasi alikihisi kile kidole mwishoni mwa mkono wake, kimekuwa kizito kuliko mablanketi yote. Akikinyoosha, wa kwake anashuka ngazi na kuja kumkumbatia, na yule mwingine anarudi kule wanakopima watoto vifua. Alimwangalia bintiye. Alimwangalia mwenzake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapo uchungu ulikuwa mara mbili.

"Wote wangu," akasema.

"Fomu zetu zinasema una mmoja."

"Basi mwingine ni wangu," wifi akasema, mikono kiunoni. "Umekosa hesabu, baba, si dhambi."

Bwana Samahani akaguna kwa huzuni. "Itabidi tupime. Mwepesi akianguka haumii. Anayeumia ndiye wako, tutamwacha hapa. Samahani sana." Akainua mkono kwa walinzi.

Mlinzi aliyemshika Chiriku alisita. Yeye naye huenda alikuwa na mtoto. Lakini Chiriku hakusubiri asite. Alimng'ata mkono mpaka ukafunguka, akarudi nyuma hatua moja, na nyuma hapakuwa na kitu.

Alianguka kama wanavyoanguka watoto wazito.

Unyoya alikwisha kuruka. Alimponyoka mlinzi wake, akapiga mbizi kichwa chini kutoka ukingoni, mkono wa kulia mbele, na katikati ya ukuta vidole vyake vikakamata mkanda wa aproni ya Chiriku. Mkono wa kushoto ukapiga bomba la maji ya mvua. Bomba likang'oka ukutani kutoka juu hadi chini kwa kishindo, na wale wawili, wameshikana, wakashuka kutoka hapo wakizunguka taratibu, wakakaa ndani ya kikapu cha taulo.

"Mama," akasema Chiriku, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kuongeza.

Walinzi walimiminika kwenye ngazi. Unyoya akatoka kikapuni. Tanki la maji lilikuwa limesimama kwenye vyuma vyake kando ya geti, lita elfu tano, limejaa asubuhi ile. Akajinyoosha katikati, kiganja cha kulia kwenye tumbo la tanki, cha kushoto kwenye boneti ya gari la mbele. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu. Gari likalia. Tairi nne zikapasuka moja baada ya nyingine, lami ikabonyea, na gari likazama taratibu mpaka milangoni, wakati tanki limejiinua juu ya vyuma vyake, linayumba hewani, limeshikiliwa na bomba lake tu kama mbuzi na kamba.

Nje ya geti watu walikuwa wamejaa. "Kamera ziko wapi?" mmoja akauliza. "Hii filamu inatoka lini?" Simu arobaini ziliinuliwa juu.

Walinzi wawili walifika uwanjani, na wifi akawamwagia beseni zima la maji ya sabuni miguuni. Walianguka pamoja na waliowafuata. Bwana Samahani peke yake hakukimbia. Alipita pembeni, kavu, akielekea kwa Unyoya aliyekuwa amepiga goti, anahema. Mkononi mwa mkuu kulikuwa na sindano.

Mama Pasi alikuwa hajui kwamba ameshika pasi. Ilikuwa ile kubwa ya mvuke, ina mpira mrefu nyuma, na ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Alisimama kati yao.

"Samahani, mama, pisha."

"Ukosi huo niliunyoosha wewe usipokuwemo ndani," akasema Mama Pasi. "Sogea hatua moja, leo nitaunyoosha ukiwemo."

Akabonyeza kitufe. Mvuke ukavuma, ukafunika miwani. Bwana Samahani akasimama akipapasa, na katika kusimama huko Unyoya alitambaa, kulia akagusa mashine kubwa ya kufulia pale mlangoni, kushoto akagusa viatu viwili vyeusi vilivyong'arishwa. Viatu vikashika saruji kama vimesimikwa. Alivuta mguu. Alivuta mwingine. Sindano ikamwanguka.

"Samahani," akasema, safari hii kwa mshangao.

"Vua viatu, baba," wifi akamshauri. "Ila soksi nazo nazijua, zina matundu."

King'ora kikasikika mlimani. Gari la tatu. Mama Pasi alikwisha kufika kwenye kamba ya chini, ameanua shuka la kitanda kikubwa, na akawa anafunga pembe zake kwenye vifundo vya mikono ya Unyoya kwa fundo la mafurushi, lile lisiloteleza hata likilowa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mikono ilijua.

"Upepo unatoka mlimani, unaelekea mtoni," akasema. "Utafika?"

"Nikianza sasa. Chai isichemke kabla sijavuka." Unyoya akautazama ukuta uliong'oka bomba. "Mama, nisamehe kwa bomba."

"Nenda, mwanangu. Bomba si mtu."

Msichana akaweka kiganja cha kulia kwenye kifua chake mwenyewe na cha kushoto ardhini, uwanjani kwa dobi, akauacha hapo uzito wake wote. Chiriku akamrusha juu kama unavyorusha kanga kwenye kamba. Shuka likajaa. Likamvusha ukuta, likamvusha mabati ya maduka, na mtaa mzima ukapiga makofi ukiamini ni sinema.

Mama Pasi, wifi na Chiriku wakakimbilia paa. Kutoka pale mto ulionekana, na juu yake doa jeupe. Daraja lilikuwa limejaa walinzi wanaotazama kila gari na kila mkokoteni. Aliyetazama juu hakuwepo. Mama Pasi alihesabu pumzi. Sasa maji yanatoa moshi. Sasa yanaimba. Katikati ya mto shuka lilianza kuinama, na chini uwanjani, pale Unyoya alipokuwa amegusa, saruji ikatoa mlio mdogo wa kuachiwa. Miguu yake ikakata maji. Upepo ukavuma tena kidogo, upepo wa kuazima, ukamsukuma hatua thelathini nyingine, kisha kitambaa kikafa, naye akaanguka kwenye matete ya ng'ambo, mzito kama mtoto yeyote. Halafu kitu cheupe kikainuka, kikajikung'uta, kikakimbia.

Mama Pasi alikaa chini juu ya paa, akalia kwa sauti mpaka akatosheka, Chiriku mapajani mwake ingawa amekua.

Mbele ya simu arobaini walinzi wa gari la tatu hawakumgusa mtu, na Kituo kikatangaza kwamba ilikuwa filamu ya vijana inapigwa mtaani. Wengine waliamini. Lakini gari lilibaki kwenye lami siku tatu, na hakuna filamu inayopasua tairi za kweli halafu isitoke. Maswali yakaanza kuulizwa na watu wenye haki ya kuuliza. Kabla hayajajibiwa, watoto wengine wawili walitoka Kituo, mmoja kwa mlango, mmoja hakuna anayejua kwa njia gani, na hawajaonekana. Wanaweza kuingia nyumba yoyote. Kwa hiyo Mama Pasi alisema na Chiriku akaandika kwa mwandiko wake wa shule, nakala arobaini, na kila furushi safi la mteja lilitoka na nakala yake ndani:

Mambo ya kuepuka, mtoto wa namna hii akiingia kwako.

Usipige kelele akikusalimia. Itikia kwanza.

Usimwambie jirani, hata yule unayemwamini, hata kwa mafumbo.

Usirudishe nguo alizokuja nazo. Usizifue, usizishone. Choma.

Usimwombe akuonyeshe nguvu zake kwa mchezo. Anaumia mifupani na hatakuambia.

Usimwinulishe mizigo yako kila siku kwa sababu ni rahisi. Hivyo ndivyo walivyoanza wale.

Usimwache mtoto wako apande meza, paa wala mti kumwiga. Wako ni mzito.

Usikae na mkokoteni wenye tairi bovu.

Usimwamini anayekuomba radhi kabla hujamwona amekosa.

Ukiulizwa yupi wako, usinyooshe kidole.

Usimpitishe darajani.